Nambari Hazirudi Nyuma

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya kikao, Bi Sindano alikuwa na karatasi mbili mezani, na zote mbili zilimkaba koo mtu ambaye yeye mwenyewe aliamini hana hatia.

Karatasi ya kwanza ilitoka kwa Naibu Mkurugenzi wa taasisi. Ilionyesha kwamba faili ya filamu ilihifadhiwa katika kompyuta yake Jumanne tarehe tatu, saa nne asubuhi. Ya pili ilionyesha filamu hiyo hiyo, picha kwa picha, katika kompyuta ya mtafiti aliyekuwa chini yake: Alhamisi tarehe tano, saa nane mchana. Filamu moja, watu wawili, kila mmoja anaapa ni yake. Kwa yeyote anayejua kusoma kalenda, aliyetangulia ni Naibu, na mwizi ni mtafiti.

Ilikuwa filamu ya dakika arobaini, haina mtu wala sauti. Inaonyesha kiini cha seli kikijijenga ndani ya tone la maji. Mwanzoni nyuzi za urithi zimelala uchi. Kisha vipande vya ganda vinazijia kutoka kila upande, vinashikana, vinaziba. Watu wa fani wanasema ganda hilo likikosea kuziba, seli huharibika na mwili ukaugua, kwa hiyo anayejua linavyoziba ameshika ufunguo wa magonjwa mengi. Taasisi ilikuwa imelitafuta jambo hilo kwa miaka kumi na moja. Sasa limepatikana, na lina wenyewe wawili.

Baraza la Maadili ya Utafiti lilikuwa limempa Bi Sindano siku tatu. Kabla ya kuajiriwa na Baraza alikuwa polisi miaka ishirini na miwili, na jina la Sindano alilipata huko huko kituoni, kwa kuwa maswali yake yalikuwa yakiingia kidogo tu, maumivu yakaja baadaye. Leo ilikuwa siku ya tatu. Saa tisa alasiri jopo la Baraza lingekaa. Kama hakuna jipya, mtafiti angefutwa katika orodha ya watafiti, na kaka yake, fundi wa mtandao wa taasisi hiyo hiyo, angefuata.

Fundi ndiye aliyekuwa akiendesha ghala la data, mahali ambapo kompyuta zote za taasisi huweka nakala za kazi zao. Kwa sababu hiyo jopo lilikuwa limeandika mapema, kwa herufi nzito: ushahidi wowote utakaotoka ghalani hautapokelewa, maana ghala liko mikononi mwa ndugu wa mtuhumiwa. Fundi mwenyewe alikuwa amenyang'anywa funguo tangu tarehe kumi.

Bi Sindano alikunja karatasi zake, akatoka.

Nje ya mlango kulikuwa na benchi, na juu ya benchi walikaa watatu: mtafiti upande mmoja, fundi upande wa pili, na katikati mama yao, mwanamke mnene aliyevaa viatu vyake vya kutokea na kushika mkoba kwa mikono miwili kana kwamba nao utashtakiwa.

"Shikamoo, mama," alisema Bi Sindano.

"Marahaba, mwanangu. Nakuuliza tu. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi nimehesabu, leo ni ya kumi na nne. Usije ukanikalisha hapa hadi zitimie. Mgongo wangu hauna subira hiyo."

"Mama, muache afanye kazi yake," alisema fundi.

"Nani kamshika? Nimemsalimia."

Mtafiti hakucheka. Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, na kucha zake zilikuwa zimekatwa fupi kama za muuguzi. Alisimama kabla hajaitwa.

"Afande, naomba tuingie maabara. Kuna daftari nataka ulione. Siruhusiwi kuingia peke yangu."

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza nyeupe, hadubini mbili zilizofunikwa mifuko ya plastiki, na mwishoni matangi ya maji yenye vyura wakubwa waliotulia kama mawe. Daftari lilikuwa limening'inizwa ukutani kwa kamba. Mtafiti alifungua ukurasa bila kutafuta.

"Sisi kiini hatukijengi ndani ya seli," alisema. "Tunachukua mayai ya hawa vyura, tunayasaga, tunapata majimaji mazito. Tunayaita uji. Kila kitu cha kujengea ganda kimo ndani ya uji. Ukitia nyuzi za urithi, kiini kinaanza kujijenga chenyewe mbele ya macho yako. Sasa soma hapa. Jumanne tarehe tatu."

Bi Sindano alisoma. Hakuna mayai.

"Jumatatu pia hakuna," alisema mtafiti. "Mayai yalipatikana Alhamisi asubuhi. Bila mayai hakuna uji, bila uji hakuna kiini. Yeye Jumanne alipiga filamu ya nini? Ya maji ya bomba?"

"Nani anaandika daftari hili?"

"Kila mtu anayehudumia vyura. Huo mwandiko wa Jumanne ni wake mwenyewe Naibu."

Bi Sindano aliutazama mwandiko, akaupiga picha, akatazama tena. Ushahidi huu ulikuwa mzuri mno. Katika miaka yake ya polisi alikuwa amejifunza kuogopa ushahidi unaojileta wenyewe.

Naibu Mkurugenzi alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alimvutia kiti, akammiminia maji, akasubiri.

"Daktari, Jumanne tarehe tatu vyura hawakutaga."

"Hawakutaga. Niliandika mwenyewe."

"Na siku hiyo hiyo ukapiga filamu."

Naibu alitabasamu polepole. "Afande, nani alikuambia nilitumia uji mbichi? Uji hugandishwa. Teremka chumba cha baridi, uliza kitabu. Jumanne saa tatu asubuhi nilichukua kichupa namba kumi na tisa. Saa nne nilikuwa na filamu. Huyo binti ni hodari, nimemfundisha mwenyewe. Tatizo lake ni haraka."

"Filamu yake uliiona lini mara ya kwanza?"

"Jumatatu tarehe tisa. Aliiwasilisha kwenye kikao cha asubuhi, mimi nimekaa mbele. Hebu fikiria. Unaona mtoto wako amebebwa na mtu mwingine."

"Alikuwa ameiweka ghalani tangu Ijumaa mchana."

"Huenda. Ijumaa sikuwepo. Mimi Ijumaa natoka saa sita, muulize yeyote."

Bi Sindano aliandika. "Hii kompyuta yako inalala hapa?"

"Hapa hapa."

"Ufunguo wa ofisi anao nani?"

"Mimi."

"Nywila?"

"Mimi."

"Hakuna karani, msaidizi, mke?"

"Afande, mimi si mtoto. Hakuna mkono mwingine unaogusa mashine hii."

"Nashukuru, Daktari. Hilo nimeliandika kama ulivyolisema."

Alimwonyesha pale alipoandika, na Naibu akatia sahihi yake ndogo pembeni, bila wasiwasi.

Chumba cha baridi kilikuwa chini kabisa ya jengo. Mtunzaji wake aliitwa Mzee Barafu na kila mtu, hata wakurugenzi. Ilikuwa joto lile la asubuhi linaloyeyusha lami, naye alikuwa amevaa koti la sufi lililofungwa vifungo hadi shingoni.

"Karibu, binti yangu. Usinicheke. Mji mzima unatoa jasho, mimi natoa kamasi."

"Shikamoo, mzee. Nataka kitabu cha vichupa."

Kitabu kilikuwepo, na Naibu hakuwa amedanganya. Jumanne tarehe tatu, saa tatu na dakika tano, kichupa namba kumi na tisa, sahihi yake. Bi Sindano alikaa juu ya kreti tupu. Ushahidi wa vyura ulikuwa umekufa, na ilikuwa saa tano kasorobo.

"Mstari wa chini yake je?" aliuliza. Sahihi ile ile ilikuwa imejirudia.

"Huyo huyo. Alirudi saa saba mchana kutaka kichupa kingine. Nikamwambia Daktari, mbona leo unaninyonya? Akasema kile cha asubuhi hakikufanya kitu. Alikuwa amenuna kama mtu aliyepokonywa mfupa."

"Alisema hakikufanya kitu?"

"Kwa mdomo wake. Lakini kwenye kitabu siandiki midomo, naandika vichupa."

Mtu aliyetafuta jambo miaka kumi na moja, amelipata saa nne asubuhi, na saa saba amenuna anatafuta uji mwingine. Bi Sindano aliona uongo, lakini kwa jopo lingekuwa neno la mzee mmoja dhidi ya tarehe ya kompyuta. Alifunga kitabu.

Ndipo kikasikika kitu kikikwaruza ukutani. Kisanduku cha chuma kilichokuwa juu ya friji kubwa kilikuwa kinatema kikaratasi, chembamba kama risiti ya dukani.

"Hiyo ni nini?"

"Mpelelezi mwenzako," alisema Mzee Barafu. "Kila saa anapima baridi, anaipeleka kwenye mtandao, halafu ananiandikia na mimi. Umeme uliwahi kukatika mwaka juzi tukapoteza vichupa mia tatu, wakasema lazima kuwe na karatasi, maana karatasi haizimiki."

Bi Sindano alikishika kikaratasi. Kulikuwa na tarehe, saa, digrii za baridi. Na chini kabisa, kwa tarakimu ndogo: MFU. 60874.

Alikaa tena kwenye kreti. Alitoa kwenye mkoba karatasi ya Naibu, ile iliyoambatishwa kwenye mashtaka yenyewe, iliyochapishwa na Naibu kwa mkono wake kutoka kompyuta yake. Jina la faili. Ukubwa wa faili. Tarehe: Jumanne tarehe tatu. Na chini, mahali ambapo macho yake yalikuwa yamepita siku tatu bila kusimama: MFU. 42655.

"Mzee," alisema, "hivi vikaratasi unavitupa?"

"Nitupe? Sheria ni mwaka mzima. Tena vikipigwa na mwanga vinafifia, kwa hiyo naviweka gizani." Alivuta droo. Ndani kulikuwa na vibunda vilivyofungwa kwa mpira, kila wiki na kibunda chake. "Unataka wiki gani?"

Saa tano na nusu fundi aliitwa ofisini. Bi Sindano hakumwonyesha karatasi yoyote. Alimpa kiti, akafunga mlango.

"Nieleze kitu kimoja, na ukieleze kama unamweleza mama yako. MFU. ni nini?"

Fundi alishangaa. "Mfuatano? Umeiona wapi?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Sawa. Mtandao wetu una mashine zaidi ya mia: hadubini, friji, kompyuta za ofisi. Kila moja ina saa yake, na saa zote zinadanganya. Moja iko mbele dakika tatu, nyingine betri imekufa, nyingine mtu kaichezea. Sasa utajuaje kipi kilitokea kabla ya kipi? Kuna algoriti ya kazi hiyo, yaani utaratibu ambao kila mashine inaufuata. Haitumii saa kabisa. Kila mashine inahesabu. Ikifanya jambo, inaongeza moja. Ikihifadhi faili, inaigonga nambari ya wakati huo, nayo haibadiliki hata ukiichapa baadaye. Ikituma ujumbe, inaandika nambari yake juu yake. Anayepokea anaitazama nambari ya mgeni na ya kwake, anachukua iliyo kubwa, anaongeza moja, anaendelea hapo."

"Kwa hiyo nambari haiwezi kurudi nyuma."

"Haijui njia ya kurudi. Saa unaweza kuirudisha hata ukafika mwaka uliozaliwa. Nambari inakwenda mbele tu, na mashine zote zinavutana, hakuna inayoachwa mbali. Mmoja akiruka juu, akiongea tu na ghala, ndani ya saa moja wote wameruka."

"Ni nani anajua kwamba nambari hii ipo?"

"Mimi niliyeiweka. Wengine wanaiona chini ya karatasi, wanadhani ni namba ya mita."

Bi Sindano aliandika hilo. "Ungeweza kuibadilisha?"

Fundi hakukwepa. "Ghalani, ningeweza. Ndiyo maana wamenifungia nje, na wamefanya sawa. Ningekuwa mimi jopo ningefanya vile vile."

"Na ile iliyokwisha kuchapwa kwenye karatasi?"

"Karatasi?" Fundi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Karatasi mimi naifanya nini, afande? Niifute kwa mate?"

"Rudi kwenye benchi. Usimwambie dada yako. Usimwambie hata mama."

"Kutomwambia mama ndiyo adhabu yenyewe hiyo."

Iliyobaki ilikuwa kazi ya miguu. Alivipanga vikaratasi vya wiki ile mezani kimoja kimoja, akavitolea nakala, akamwita Mzee Barafu aje atie sahihi nyuma ya kila kilichotumika, kisha akavifunga kwenye bahasha na kuipiga lakiri. Saa saba alikwenda getini, akaomba daftari la mlinzi, akatafuta Ijumaa tarehe sita, akakuta alichokitafuta. Saa tisa kasoro dakika tano aliingia ukumbini na bahasha kwapani.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mkavu mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye sifa yake mjini ilikuwa kwamba hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi ndefu. Naibu alikaa kulia, mtafiti na kaka yake kushoto. Mama yao aliambiwa abaki nje, akabaki, lakini aliuacha mlango wazi kwa kiasi cha sikio.

"Bi mpelelezi, una jipya?" alisema jaji.

"Ninalo, mheshimiwa. Halikutoka ghalani. Limetoka kwa mlalamikaji."

Naibu aliinua nyusi.

Bi Sindano aliweka mezani karatasi ya mashtaka. "Daktari, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeichapa mwenyewe, kutoka kompyuta ambayo hakuna mkono mwingine unaoigusa."

"Nilikwisha kusaini hivyo."

"Tusomee mstari wa mwisho."

Naibu aliivuta miwani yake. "Emu, efu, yu. Elfu arobaini na mbili, mia sita hamsini na tano. Sijui ni namba ya nini."

"Jopo lina mtaalamu wake wa kompyuta. Naomba yeye atueleze."

Mjumbe wa kushoto, kijana mwenye ndevu aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alieleza. Alitumia maneno mengi kuliko fundi, lakini yalifika mahali pale pale: hesabu inayokwenda mbele tu, inayobebwa na kila mashine iliyo kwenye mtandao.

"Nashukuru," alisema Bi Sindano, akavunja lakiri. "Hivi ni vikaratasi vya friji ya chumba cha baridi. Vilichapwa saa baada ya saa, kabla ugomvi huu haujazaliwa. Fundi hana ufunguo wa chumba hicho na hajawahi kuwa nao. Jumanne tarehe tatu, saa nne asubuhi, saa ile ile ya filamu ya Daktari, friji inasema elfu thelathini na nane na kumi na sita."

Alikiweka mezani.

"Jumatano, saa nne: elfu thelathini na tisa, mia nne na mbili. Alhamisi, saa nane mchana: elfu arobaini na moja, mia mbili na saba. Filamu ya mtafiti ni ya Alhamisi saa nane. Nambari iliyo chini ya karatasi yake, ile ya pili ya mashtaka, ni elfu arobaini na moja, mia mbili kumi na mbili. Tano mbele ya friji. Saa yake na nambari yake zinaimba wimbo mmoja."

"Na ya Daktari?" aliuliza jaji.

"Kama faili ya Daktari ilikuwepo Jumanne na nambari elfu arobaini na mbili, basi Jumatano mtandao mzima ungekuwa umeipita nambari hiyo. Friji ilikuwa bado thelathini na tisa. Haiwezekani. Nimetafuta mahali inapoenea. Ijumaa tarehe sita, saa kumi na moja jioni: arobaini na mbili, mia sita arobaini. Saa kumi na mbili jioni: arobaini na mbili, mia sita sitini na nane. Sita hamsini na tano iko katikati. Faili hii ilizaliwa Ijumaa jioni, baada ya mtafiti kuweka filamu yake ghalani mchana ule, mahali ambapo mkubwa wake angeweza kuifungua. Saa ya kompyuta ilirudishwa nyuma siku tatu, faili ikahifadhiwa, saa ikarudishwa mahali pake."

"Nadharia!" Naibu alisimama. "Namba za friji! Mheshimiwa, miaka thelathini ya kazi yangu inapimwa na friji?"

"Kaa, Daktari," alisema jaji. "Bi mpelelezi, unaweza kuonyesha, au unasimulia tu?"

"Karani wa jopo ana kompyuta iliyounganishwa. Namwomba airudishe saa yake hadi Jumanne tarehe tatu, saa nne asubuhi, na ahifadhi faili yoyote."

Karani, mwanamama aliyekuwa akiandika kumbukumbu, aliwatazama wote kwa zamu. "Niandike nini?"

"Chochote."

Aliandika *nina njaa*, akahifadhi, akachapa. Mashine ya kuchapia ililia pembeni. Wakati huo huo Mzee Barafu aliingia na koti lake, kama Bi Sindano alivyomwagiza, akihema kwa ngazi, mkononi ana kikaratasi cha saa tisa kamili.

Jaji alivipokea vyote viwili, akaviweka sambamba, akasoma kwa sauti. "Ya karani: tarehe tatu, saa nne asubuhi. Mfuatano, elfu sitini na moja na kumi na tisa. Ya friji, leo: elfu sitini na moja na mbili." Alivua miwani. "Kalenda imedanganywa, nambari imekataa."

"Imekataa, mheshimiwa," alisema yule mwenye ndevu, na sauti yake haikuficha furaha ya mtu wa fani.

"Jambo la mwisho," alisema Bi Sindano. "Daktari, Ijumaa unatoka saa sita."

Naibu aliutazama mlango.

"Daftari la getini, tarehe sita. Umetia sahihi ya kutoka saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Na Jumanne saa saba mchana ulirudi kwa Mzee Barafu kuomba uji mwingine, kwa sababu ule wa asubuhi haukufanya kitu. Maneno hayo ni yako?"

Mzee Barafu alikohoa. "Alisema hivyo, mheshimiwa. Nikiwa nimesimama."

Naibu alikuwa bado wima. Aliangalia vikaratasi, akaangalia mikono yake, kisha akakaa polepole kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini.

Jaji hakuomba muda wa kushauriana. Aliinama kulia, akainama kushoto, vichwa viwili vikaitikia. "Mashtaka dhidi ya mtafiti yamefutwa. Filamu ni yake, na kila kilichogunduliwa ndani yake ni chake. Fundi arudishiwe funguo zake leo hii, siyo kesho. Daktari, utabaki kwenye kiti hicho, tuna mengine ya kuzungumza, na safari hii wewe ndiye utakayekuwa ukijibu."

Kutoka mlangoni kilipasuka kigelegele kilichomfanya mlinzi wa korido aangushe redio yake.

"Mama!" alisema fundi.

"Niliambiwa nibaki nje," mama alijibu kutoka nje. "Sikuambiwa ninyamaze."

Hata jaji alicheka. Karani aliacha kuandika akapiga makofi, kisha akaona aibu, kisha akaendelea kupiga. Yule mwenye ndevu alivuka ukumbi kwenda kumshika fundi mkono, akauliza kama angeweza kuja Jumatatu kuuona mtandao ule kwa macho yake. Fundi alisema aje, aje hata na wenzake. Mzee Barafu alifungua kifungo kimoja cha koti.

Mtafiti tu ndiye aliyekuwa hajasogea. Bi Sindano alimwendea.

"Simama, mwanangu. Imekwisha."

"Nasimama, afande."

Aliposimama, ilibidi apite mbele ya kiti cha Naibu ili aufikie mlango. Naibu aliinua uso. Sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Ganda linakuja hadi mwisho, linabakiza tundu moja, linaachia. Kila mara. Niambie kitu kimoja tu. Ulifanya nini likaziba?"

Mtafiti alimtazama mwalimu wake, na Bi Sindano, aliyekuwa ameshuhudia watu wengi wakishinda na wengi wakiharibu ushindi wao kwa neno moja, alisogea hatua moja karibu naye.

"Utasoma kwenye makala, Daktari," alisema mtafiti. "Nimeyaeleza yote, hatua kwa hatua, hata anayeanza leo ataweza kuyafuata. Jina langu liko juu."

Akatoka mlangoni, akaingia mikononi mwa mama yake.